Msumari wa Forodha

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba ukuta ulijengwa vizuri. Hakuna aliyeiba saruji, hakuna aliyepunguza nondo. Zege lilimwagwa kwa kipimo, likamwagiliwa maji siku zote zilizotakiwa, na ukilipiga nyundo leo, kitakachouma ni mkono wako. Nasema hivi kwa sababu watu wa mji wetu, ukiwaambia ukuta wa bahari umeshindwa kazi, wanakimbilia kuuliza nani alikula. Hakuna aliyekula. Kilichotuzamisha ni kiburi, na kiburi hicho kilivaa shati lililopigwa pasi, kilikuwa kaka wa mama yangu, na mimi nilikuwa mshika fimbo wake.

Kazi ya mshika fimbo ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Mpima anasimamisha darubini yake juu ya miguu mitatu. Wewe unakwenda mbele na fimbo ndefu yenye namba, unaisimamisha wima, unatulia kama mtu anayeapishwa. Yeye anachungulia, anasoma namba, anaandika. Kisha anahama, na wewe unahama. Ukitoa namba hii katika ile, unajua mahali hapa pako juu au chini ya pale kwa kiasi gani. Hivyo ndivyo mji mzima unavyojua umesimama juu ya bahari kwa urefu upi, na kila safari ya kupima ilianzia sehemu moja: msumari wa shaba uliopigwa kwenye ngazi ya jengo la forodha ya zamani, pale bandarini. Kichwa chake ni kikubwa kama kifungo cha koti. Kila barabara, kila mtaro, kila gati limepimwa kutoka hapo. Ukuta wa bahari pia.

Mjomba aliuheshimu msumari ule kuliko alivyoheshimu watu. Kila asubuhi aliinama, akaufuta kwa leso yake, ndipo akaniruhusu kuweka fimbo juu yake.

"Wakubwa wanakuja na kuondoka," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Huu hauendi popote."

Kazini waliniita Mtetemo Mdogo. Mtetemo Mkubwa alikuwa baba yangu.

Baba alishika fimbo ya mjomba kabla yangu. Miaka kumi na mmoja iliyopita walipima kutoka kilima cha tangi la maji, ambacho ni mwamba mtupu, mpaka kwenye msumari, na hesabu ikakataa kufunga. Msumari ulionekana uko chini kwa sentimita kumi na saba kuliko vitabu vilivyosema. Sasa, katika ofisi yetu kulikuwa na desturi ya tangu zamani: hesabu ikikataa, aliyekosea ni mshika fimbo. Darubini haina mikono, mpima ana cheti, msumari ni msumari. Amebaki nani? Mjomba akaandika kwenye daftari, "Kosa la mshika fimbo, mkono unatetemeka," akapiga mstari mwekundu, na baba akarudishwa nyumbani.

Mkono wake haukuwa unatetemeka. Ulianza baadaye, baada ya kuitwa Mtetemo sokoni, kwa kinyozi, mlangoni kwake, hata na watoto. Aliishi miaka mitano hivyo, akafa. Mjomba alibeba jeneza upande wa mbele. Nilipomaliza shule akaniita ofisini akasema atanishika mkono, maana damu ni damu. Nilimshukuru. Katika yote nitakayosimulia, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimshukuru.

*

Mama yangu ni dobi wa meli. Manahodha na mabaharia wanapita, mashuka yao yanabaki kwake siku mbili, yanarudi meupe. Nyumba yetu iko mtaa wa chini kabisa, nyuma ya ukuta wenyewe, na uani kuna bomba nene la chuma la kisima cha zamani, lililochimbwa mpaka kwenye mwamba na watu ambao hakuna anayewakumbuka. Maji yake yaligeuka chumvi, likabaki la kufungia kamba ya nguo.

Jioni moja, ukuta ukiwa umebakiza wiki mbili ukabidhiwe, nilimkuta mama amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga kamba, analitukana bomba.

"Hili shetani linakua kama mtoto wa kiume! Ulipokuwa shule nilikuwa nafunga hii kamba kifuani. Sasa hivi nipande ndoo. Kesho nitatafuta ngazi."

"Labda wewe ndiye unafupika, mama."

"Ningefupika mimi, wewe ungekuwa unanichungulia utosini. Njoo ushike hapa, acha mdomo."

Nikaenda kushika. Nikainama kuokota kibanio kilichoanguka, na pale, chini kwenye bomba, nikaona mikwaruzo. Haikuwa ya bahati mbaya. Ilikuwa mistari mifupi iliyokatwa kwa msumeno wa chuma, mmoja chini ya mwingine, sita, na kando ya kila mmoja mwaka umeandikwa kwa mkono niliokuwa naujua.

"Mama, hii ni nini?"

"Ah. Baba yako. Tangu alipofukuzwa kazi, kila mwaka ukianza anachuchumaa hapo na msumeno wake, anakata usawa wa ardhi. Nilimwambia unaharibu chuma. Akasema, mke wangu, naandika barua." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nilidhani ni uchungu tu unamsumbua."

Mstari wa kwanza, aliokata usawa wa ardhi mwaka ule aliofukuzwa, sasa ulikuwa juu ya ardhi. Nikachukua rula. Sentimita ishirini na nne.

Nikakaa pale kwenye tope la sabuni. Chuma hakikui. Bomba limesimama juu ya mwamba, halijasogea. Tulioshuka ni sisi: ua, nyumba, kamba, ndoo, mama. Viwanda vimevuta maji ya chini ya mji miaka na miaka, na ardhi ikawa inalala polepole kama mtu anayezama kwenye godoro. Na forodha ya zamani iko hatua mia nne kutoka kwetu, juu ya udongo ule ule.

Kumi na saba za baba, jumlisha ishirini na nne. Arobaini na moja.

Nitaeleza maana ya namba hiyo, kwa sababu watu walikufa kwa ajili yake. Ukuta ulitakiwa uwe mita tatu na nusu juu ya sifuri, yaani usawa wa bahari unaohesabiwa kutoka kwenye msumari. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka ule ilitabiriwa Jumatano, siku mbili baada ya makabidhiano, na kwa jinsi bahari inavyopanda miaka hii, walisema maji yatafika mita tatu na sentimita ishirini. Utabiri huo unapimwa kwenye mwamba wa mnara wa taa, nje ya ghuba, ambao hauzami. Kwa hiyo kwenye karatasi tulikuwa na nafasi ya sentimita thelathini, na gari la vipaza sauti lilikuwa linazunguka mtaani kila siku likituambia hakuna haja ya kuhama, ukuta umekamilika, tulale usingizi. Lakini kama ukuta ulipimwa kutoka kwenye msumari uliozama, basi ulikuwa mfupi kwa arobaini na moja, na bahari ingepita juu yake kwa kina cha kiganja cha mkono. Kiganja kimoja, kwa urefu wa kilomita nzima, kikimiminika ndani ya mtaa uliokaa kama beseni. Juu ya kichwa cha mama yangu.

*

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umechelewa dakika sita."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anachonga penseli, na nilipomaliza alipuliza unga wa penseli mezani.

"Kwa hiyo bomba la dada yangu linakua."

"Halikui, mjomba. Sisi ndio tunashuka."

"Ua wenu ni wa kifusi. Kifusi kinashuka. Hata mtoto anajua."

"Na forodha imejengwa juu ya nini?"

Penseli ikasimama.

"Sikiliza, mpwa wangu. Baba yako alikuwa shemeji yangu na nilimpenda. Lakini mkono wake ulitikisika. Usijaribu kumfufua kwa bomba la maji."

"Basi tupande kilimani tupime. Siku mbili tu. Kama nimekosea, nifukuze."

"Nimpime nani? Msumari?" Alisema kama mtu niliyemwambia ampime mama yake akili. "Kila mchoro wa mji huu una sifuri pale. Miaka thelathini nimetia saini yangu kutoka pale. Unataka nimwambie mkurugenzi, makabidhiano yakiwa mlangoni, kwamba sifuri imepotea?"

"Haijapotea. Imezama."

"Toka nje."

Nikatoka. Nilitoka mpaka stoo. Mtunza stoo ni mama wa makamo mwenye sauti kama mlango usiotiwa mafuta, na alikuwa pale enzi za baba.

"Mama, naomba darubini na fimbo. Jumamosi na Jumapili."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha Mtetemo Mkubwa."

Akanitazama. Akaweka funguo juu ya meza, akageuka kupanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangika tayari.

"Mimi mgongo unaniuma, siwezi kugeuka," alisema. "Jumatatu kabla ya chai viwe hapa. Na ukivunja hiyo darubini, hama mji."

*

Kupima kunataka watu wawili. Vijana wa ofisini niliowaomba walikumbuka ghafla kuwa wana wagonjwa. Nikabaki na mama.

"Nisimame vipi?" aliuliza kule kilimani, fimbo imemzidi urefu mara mbili.

"Kama unavyosimama ukinikasirikia."

"Hapo umenirahisishia."

Tulishuka kilima, tukapita barabara ya hospitali, soko la mbao, reli, maghala. Nilichungulia, nikasoma, nikaandika, nikahama. Jua lilitupiga wima. Watu hawakutuacha.

"Mama, unavua samaki barabarani?" dereva mmoja wa lori alipiga kelele.

"Navua wajinga. Sogea, usije ukanasa!"

Lakini nilipoweka jicho kwenye darubini, fimbo ilikuwa imesimama kama imeota pale. Mikono iliyokamua mashuka miaka thelathini haitikisiki. Jumamosi alasiri tukafika kwenye msumari. Jumapili tukarudi tukipima mpaka kilimani, kwa sababu kipimo kisichorudi kilikotoka si kipimo. Hesabu ya kwenda na ya kurudi ilitofautiana kwa milimita nne. Milimita nne! Kuna wapima wenye vyeti ukutani ambao hawajawahi kufunga hivyo maishani mwao.

Na msumari ulikuwa chini kwa sentimita arobaini na moja.

Mama alikaa juu ya jiwe, amevua viatu. Nilimwonyesha daftari. Hakulitazama.

"Mimi nilimcheka," alisema. "Wengine wakimwita lile jina, na mimi siku nyingine nilicheka. Alikuwa ananiletea kikombe cha chai, kinamwagika, nacheka."

Nilibeba miguu ya darubini begani, nikashuka kilima, na hasira niliyoshuka nayo sijaiweka chini mpaka leo.

*

Jumatatu nilirudisha vifaa kabla ya chai, kisha nikaingia kwenye kikao cha mkurugenzi bila kuitwa. Mama alibaki kwenye korido, mlango ukiwa wazi. Ndani walikuwapo mkurugenzi, mkandarasi, na mjomba. Makabidhiano yalikuwa wiki moja kamili mbele, bamvua siku tisa.

Nikaweka daftari mezani. Nikasema nilichonacho. Nikasema bado kuna muda: magunia ya mchanga safu tatu juu ya ukuta kwa urefu wake wote, watu tunao, mchanga upo, na wakati magunia yanapangwa watu wa mtaa wa chini wahamishiwe shule ya juu kwa siku mbili. Hicho tu.

Mkandarasi akacheka kwa pua. "Mimi nilipewa namba, nikajenga namba. Ukuta wangu una mita tatu na nusu. Muulize yeye."

Mkurugenzi akamsukumia mjomba daftari.

Nilimtazama anavyolisoma. Nataka mjue kwamba alilisoma. Hakulipitia juu juu. Kidole chake kilishuka safu kwa safu, kama alivyonifundisha, kikafika mwisho, kwenye milimita nne, kikatulia. Hakuna mtu duniani aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba hesabu inayofunga hivyo haidanganyi.

"Nani alishika fimbo?" aliuliza.

"Mama yangu. Dada yako."

Mkandarasi akacheka tena, safari hii wazi. "Dobi!"

Mjomba akafunga daftari. Hakunitazama mimi, alimtazama mkurugenzi.

"Kosa la mshika fimbo," alisema.

Kisha kutoka kwenye korido ikaja sauti ya mama, haikupanda, haikushuka.

"Kaka. Hiyo ni mara ya pili."

Mjomba hakugeuka. Mkurugenzi akasema ukuta umeshapimwa na mwenye mamlaka ya kuupima, wageni wameshaalikwa, na kama mimi nina uchungu wa kifamilia niumalizie nyumbani. Kwa sababu nilitumia vifaa vya ofisi bila kibali, nikishafika huko nisihangaike kurudi kazini.

*

Hawakutaka kusoma namba kwenye daftari. Vizuri. Nikaamua wataisoma kwenye milango.

Darubini sikuwa nayo tena, lakini baba alinifundisha njia ya mafundi wa nyumba: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukiujaza maji, maji ya ncha hii na ya ncha ile yanasimama usawa mmoja, hata kama kati yake kuna kona kumi. Maji hayana cheti na hayana cheo. Nilianzia kwenye msumari, ambao sasa nilijua kimo chake cha kweli, nikatoka na usawa wa mita tatu na sentimita ishirini za kutoka kilimani, nikauhamisha nyumba kwa nyumba, mama ameshika ncha moja na mimi nyingine, na kila mlango nikapiga mstari mwekundu. Rangi alitoa mtunza stoo. Alisema makopo yale yalikuwa yamepangwa vibaya.

Kwetu mstari ulipita kiunoni. Kwa kinyozi, ambaye yuko chini zaidi, ulipita kifuani.

"We Mtetemo Mdogo!" kinyozi alitoka na mkasi mkononi. "Unanichafulia mlango!"

"Maji yatafika hapo Jumatano ijayo, saa saba mchana."

"Na mkono wako ukiwa umetetemeka? Yatafika wapi, darini?"

Watu wakaangua kicheko. Mama akaweka ncha yake ya mpira chini, akamsogelea.

"Wewe umenyoa kichwa cha mume wangu miaka mitano unamwita jina hilo huku umemshikia wembe shingoni. Alitulia au hakutulia?"

Kinyozi akautazama mkasi wake.

"Nakuuliza. Kichwa chake kilitulia?"

"Kilitulia, mama."

"Basi pandisha viti vyako juu."

Baadhi walipandisha. Wengine walisugua mstari kwa mafuta ya taa, tukaurudia. Waliniita mchawi, wakaniita mtoto aliyefukuzwa kazi anatafuta jina. Usiku sikulala, mchana sikula, nilipiga mistari mpaka vidole vikawa vyekundu kama vya mchinjaji. Jumatatu ya makabidhiano wageni walipofika na suti zao, walikuta ukuta mweupe umeandikwa kwa herufi ndefu kama mtu:

*Mwapima kwa msumari, na msumari wazama,*
*Amkeni, ni bahari, haigongi ikihama.*

Walinzi waliniketisha kwenye kibanda chao mpaka hotuba zikaisha. Kutoka pale nilimwona mjomba akitia saini. Nilisikia makofi. Kisha wakaleta mtu na ndoo ya chokaa, akafuta maneno yangu.

Rangi iliniishia Jumanne, nikiwa nusu ya mtaa wa pili. Nilikwenda stoo, imefungwa. Niligonga milango mingine bila rangi, nikasema kwa mdomo. Kwa mdomo hawakuamini.

*

Jumatano ilikuwa na upepo na mawingu mazito. Saa sita na nusu bahari ilikuwa imefika ukingoni mwa ukuta, imetulia, inang'aa, kama supu kwenye sahani iliyojaa. Nilikuwa juu ya paa letu pamoja na mama, majirani wawili na mashuka ya meli nzima. Nilikuwa nikiomba niwe nimekosea. Hilo naliapa. Kwa kiburi changu chote, niliomba nionekane mjinga.

Saa saba kasoro dakika tano maji yalipita juu ya ukuta. Hayakuvunja kitu. Yalivuka taratibu, kwa urefu wote kwa pamoja, kama watu wanaovuka kizingiti, na yalipogusa upande wetu yakakumbuka kukimbia. Kwa saa nzima yalimiminika. Ukuta ule imara, ule usioibiwa hata mfuko mmoja, baadaye uliyazuia ndani siku tatu, yasirudi baharini.

Mtaani kwetu hakufa mtu. Waliocheka walikuwa wamepanda, hata kama walipanda wakicheka. Kwenye nusu ile ya mtaa wa pili, ambako rangi iliniishia, walikufa watatu: bibi mmoja na wajukuu zake wawili, ndani, mlango umefungwa.

Alasiri, bahari ilipokwisha kushuka na maji yetu yamesimama, mjomba alikuja. Alikuja anatembea ndani ya maji, viatu mkononi, lile shati la pasi limelowa mpaka kwapani. Tulikuwa tumeshuka, mama amekaa juu ya meza kwenye kibaraza, miguu ndani ya maji. Majirani walikuwa juu ya kuta na mapaa, wanatazama.

"Dada," alisema. "Mko salama?"

Mama alionyesha mlango.

"Soma."

"Dada yangu..."

"Wewe si mpima? Soma."

Mjomba akausogelea mlango. Na mkono wake, kwa mazoea ya miaka thelathini, ukaenda wenyewe, ukaweka vidole kati ya maji na mstari mwekundu.

"Vidole vinne," alisema. "Vidole vinne chini ya mstari."

"Mstari wa nani?"

"Wa mwanao."

"Fimbo alishika nani?"

"Wewe."

"Na kabla yangu?"

Kiti cha kinyozi kilipita kati yao, kinaelea, kinazunguka polepole.

"Mume wako," alisema.

"Mkono wake ulikuwaje?"

"Dada, watu wanatazama."

"Wakati ule pia walitazama. Mkono wake ulikuwaje? Sema kwa sauti, wale wa kwenye mapaa hawasikii."

Mjomba aligeuka, akawatazama watu. Nilidhani ataondoka. Sikumhurumia, na sasa simhurumii. Alisema:

"Haukutetemeka."

"Hawajasikia."

"Haukutetemeka!" alipiga kelele, sauti ikamkatikia katikati. "Alisoma kweli. Mimi ndiye niliyefuta."

Mama akashuka mezani, akaingia ndani ya nyumba iliyojaa maji, akaanza kutoa sufuria.

*

Mkurugenzi alitangaza kuwa lilikuwa wimbi lisilotarajiwa. Aliandaa karatasi inayosema hivyo, ikakosa saini moja, ya mpima. Mjomba hakuitia. Badala yake aliwaandikia kwamba mji unahitaji sifuri mpya, kutoka kilimani, na kwamba kila kitu kilichopimwa kwa msumari kipimwe upya. Wakamwondoa kwenye cheo, wakasahau kumnyang'anya darubini.

Nilimkuta kilimani Jumamosi moja asubuhi, maana mama aliniambia niende na mama hakunipa nafasi ya kukataa. Alikuwa ameshasimamisha miguu mitatu. Alinisubiri nimwamkie. Sikumwamkia. Nilimpita, nikaenda moja kwa moja kwenye darubini, nikaweka jicho.

Alielewa. Aliinama akaokota fimbo, akatembea nayo kuteremka mpaka kwenye alama, akageuka kunitazama.

"Shika wima," nikamwambia.

Akashika. Ndani ya kioo namba zilikuwa zinacheza, juu, chini, juu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka; ni mzee, na jua lilikuwa kali, na chini yetu ukuta mweupe ulionekana wote, na nyuma yake mtaa wetu bado una rangi ya tope. Ningeweza kupiga kelele. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga kwa vina tangu nilipokuwa mtoto.

Nilingoja mpaka fimbo ikatulia. Kisha nikasoma, nikaandika kilichosomeka.

"Hama," nikasema.